Sauti ya Chini

Apollinarie na mdogo wake Consolate walizoea kuimba pamoja kanisani Kalundu, yeye sauti ya juu, Consolate ya chini. Mwaka 1955 mtumbwi aliopanda Consolate ulipinduka ziwani, na mwili wake haukuonekana.

Mwaka uliofuata padri alimpa Apollinarie wanawake wenzake sita ambao walikuwa hawajawahi kuimba kwaya, awafundishe sauti mbili. Wale wa juu walishika upesi. Watatu wa chini kila mara walipanda wakawafuata wenzao, kama ndama nyuma ya mama yao. Akawaambia wazibe sikio moja, haikusaidia. Basi ikambidi awaimbie mwenyewe ile sehemu ambayo hakuwahi kuiimba.

Alipoanza tu, aliitambua. Ilikuwa sauti ya Consolate kabisa.

Mama yake, aliyekuwa nje ya nyumba walimofanyia mazoezi akianika ndagala, samaki wadogo wa ziwani, akaingia. Akawatazama mmoja mmoja.

"Consolate iko wapi?"

"Ni minye niliimba, mama."

"Hapana. Weye unaimbaka ya juu."

Apollinarie akaendelea kuwaimbia wale wa chini. Tangu siku hiyo mama alikuja kila walipofanya mazoezi, akakaa karibu na wale wa chini, mpaka wakaweza kuimba bila kuongozwa.

Siku ya Pasaka Apollinarie alirudi kwenye sauti yake ya juu. Nyuma yake waliimba wale watatu, lakini yeye alimsikia na wa nne. Hakuthubutu kugeuka. Alimtazama mama yake kwenye benchi la mbele. Mama alikuwa akilia kimya, macho yametua kando ya wale watatu, mahali ambapo hakusimama mtu.