Nilikizunguka kisiwa na sanduku la vioo kichwani, nikapata picha ya mikono ya bibi

Wakuu, habari za huko mliko. Kisa hiki ni changu mwenyewe, sijakitia chumvi.

Mimi mtu wa Handeni. Nilishuka Korogwe reli ilipofika, ndoto yangu niendeshe gari moshi. Nikaishia kumbebea Mdachi mmoja mpiga picha sanduku la vioo vya kamera, kila kioo picha moja tu. (Msicheke, ndoto bado ninayo.)

Alitaka kuzunguka kisiwa kimoja cha mto Pangani, apige picha daraja la magogo, maporomoko, migomba. Watu hakuwataka.

Kisiwani humo ndimo alimoishi bibi aliyenilea, na kifua kilikuwa kinambana vibaya. Nilitaka sura yake ibaki.

Nikasema, "Bwana, vioo vyote vikifika vizima, kwa cha mwisho mpige picha bibi yangu."

Akaitazama miguu yangu peku. "Kimoja kikivunjika, hakuna."

Wakuu, nilitembea kama nimebeba mayai. Kwenye tope nilizama hadi kiunoni, sanduku kichwani. Siafu wakanipanda, sikujikuna. Alasiri tukamaliza mzunguko, hakuna hata ufa.

Bibi akakaa kwenye kigoda nje ya nyumba. Nikamwambia asitikisike mpaka Mdachi aseme basi.

"Nikae kama maiti? Mjukuu wangu, mbona unaniharakisha," akasema. Lakini akatulia tuli, mikono magotini.

Mdachi akashika kifuniko cha kamera, macho kwenye saa yake. Hapo hapo mume wa shangazi akatokea mtoni na samaki wake.

Sasa kwetu Wazigua, mama na mkwewe wa kiume hawatazamani usoni. Bibi akavuta kaniki, akajifunika uso wote. Mkwe naye akajitosa migombani.

Kifuniko kilikuwa kimeshafunguliwa. Na kioo ndicho hicho cha mwisho.

"Nimetulia?" bibi akauliza toka ndani ya nguo.

"Umetulia, bibi." Ningemwambia nini?

Picha bibi hakuiwahi. Ilinifikia baada ya matanga.

Nguo nyeusi tupu. Ila mikono imetoka wazi, mpaka kile kidole kilichopindishwa na mchi, alichokuwa akinifinyia shavu nikichelewa kuamka. Niliiona nikajishika shavu.

Funzo nililopata: siku nzima nililinda vioo, njia ya mtoni nikasahau kuilinda. Ukitaka picha ya mzee wako, waambie wakwe kwanza.

Nanyi wakuu, bibi yenu akijifunika uso, mngemtambua kwa kitu gani? Nitasoma ya kila mmoja.