Kaltumi na Mashine Ishirini

Mke wangu Kaltumi alifagia ofisi za watu tangu vita vya mwaka themanini na sita viishe. Mikono yake ilinuka sabuni hata siku ya Idi. Kazi ya mwisho ilikuwa kwenye kampuni moja pale Nakasero, Kampala, yenye chumba cha baridi na mashine ishirini za kompyuta zinazofanya kazi moja, kama watu waliobeba gogo pamoja. Akiingia mle huvua viatu. Hakuna aliyemwambia avue.

Fundi wa mashine aliitwa Opoka, mtu wa Gulu, anakaa Bukoto. Kaltumi alimwita mwanangu. Alimpelekea gurusa, mkate wetu sisi Wanubi.

Jumatatu moja walikuta mashine zote zimekufa, kazi ya wiki nzima imepotea. Kila mashine huandika yenyewe inachofanya, na saa yake. Mkubwa wa kampuni akamwambia Opoka asome. Akasoma: ya kwanza imezima Jumapili, saa kumi na mbili na dakika tano asubuhi.

Wakafungua daftari la askari wa mlangoni. Kaltumi ameingia saa kumi na mbili, ametoka saa moja. Mwingine hakuna siku nzima.

"Mama ufagio," mkubwa akamwambia mbele ya wote, "umevuta waya gani?"

"Sijavuta, bosi. Nimetoka taa za mashine zote kijani."

"Sasa mashine ndiyo mwongo?"

"Labda alichomeka pasi," mmoja akasema. Wakacheka.

Wakamwaga mkoba wake mezani. Kanga, tasbihi, na gurusa ya Opoka. Opoka alikuwa amesimama hapo hapo. Wakamfukuza Kaltumi kazi.

Alirudi nyumbani, Old Kampala, akanieleza. Nikamwuliza, "Una hakika ufagio haukugusa waya?"

Tangu siku hiyo alinipakulia chakula, yeye akala peke yake jikoni.

Miezi mitatu alikwenda kwenye geti lile kusema hajavuta. Askari wakampa jina. "Waya amekuja!" Kazi nyingine hakupata, kila alikobisha walikuwa wameshasikia. Mwezi wa nne presha ikampiga pale pale getini. Walidhani amekaa kupumzika. Wakamwacha juani.

Siku ya tatu ya matanga Opoka akaja, akakaa mkekani.

"Mzee, zile saa hazikuwa za Kampala. Mashine zilikuja na saa ya Uingereza, iko nyuma yetu masaa matatu. Mimi sikuibadilisha."

"Kwa hiyo zilizima saa ngapi?"

"Saa tatu na dakika tano."

"Nani alizigusa?"

"Mimi. Nilikuwa Bukoto, kwa kompyuta yangu. Niliziagiza ziandike kila kitu, hata kilicho kidogo. Zikaandika mpaka zikajaa, zikazima moja moja."

"Ulijua lini?"

"Jumanne, siku moja baada ya kufukuzwa kwake."

Jumapili ile saa tatu Kaltumi alikuwa mbele yangu, ananipaka dawa ya mguu.

"Mpigie mkubwa wako," nikasema. "Hapa. Watu wasikie."

Akapiga, akaweka simu katikati ya mkeka. Akasema yote, hakuficha.

"Mwanamke yupi?" sauti ikauliza.

"Kaltumi, bosi. Wa usafi."

"Aa, Waya! Si amekufa?"

"Amekufa."

"Na mashine zinafanya kazi?"

"Zinafanya, bosi."

"Sasa unataka nini? Kesho uje mapema."

Ikakatika.

Dada yake Kaltumi akamtemea Opoka mate. Hakuyafuta. "Mzee, nisamehe," akaniambia. "Aliniita mwanangu."

Nilikuwa na maneno yangu tayari, makali, nimeyaweka tangu alipotaja Jumanne. Nikafungua mdomo. Ni mdomo ule ule uliouliza habari ya ufagio.

Nikaufunga. Nilichukua sahani yangu, nikaenda kula jikoni, kwenye kigoda cha Kaltumi.