Nyama Nyeupe ya Kidari

Siku ya kwanza kushika kisu cha kuchuna nilipewa miguu. Hiyo ilikuwa Mwandoya, kwenye karo la kuchinjia lililokuwa jirani na mnada. Mgeni hakuruhusiwa kugusa ngozi ya tumbo wala ya mgongo. Alianzia chini, juu kidogo ya kwato, mahali ambapo ukitoboa hakuna mnunuzi wa ngozi atakayekutukana. Kiongozi wa karo alinisimamia, mikono nyuma, akaniambia, "Masanja, huyu ng'ombe ameshakufa, huwezi kumuumiza tena. Lakini ngozi yake bado unaweza kuiua."

Mimi nimeishia darasa la nne. Ninyi vijana mnaochuna leo mtanisamehe lugha, lakini msinisamehe nikificha jambo, na majina nitayataja.

Kazi ilikuwa na mgawanyo wake. Kuchinja kulikuwa kwa Waislamu wa mjini, kama Kassimu, ambaye alipohamia Bariadi nami nikamfuata. Yeye anaelekeza mnyama kibla, anataja jina la Mungu, anakata, anarudi nyuma. Hapo tunaingia sisi Wasukuma tuliotoka machungani, na visu vifupi vilivyopinda ncha. Kisu hakisukumwi. Unavuta ngozi kwa mkono wa kushoto mpaka ikaze, halafu ncha inapita kwenye ule utando mweupe, nayo ngozi inaachia yenyewe. Kazi hiyo inataka macho mawili yanayoona kitu kimoja. Likumbukeni hilo.

Tulikuwa na desturi moja. Akichinjwa ndama au dume changa, nyuma ya kidari, juu ya moyo, kuna nyama nyeupe inayopanda mpaka shingoni, laini kuliko zote. Ile ilichomwa palepale kwenye moto wa karo, akapewa mchunaji ambaye siku hiyo hakutoboa ngozi hata moja. Anaila amesimama, wenzake wanamtazama. Mimi niliila mara nyingi sana, na kuna watu iliwauma.

Mkaguzi wa nyama wa Bariadi alikuwa mama mkali wa gambuti nyeupe. Siku moja nilimuuliza kwa nini ng'ombe mzee hana nyama ile, ukitafuta unakuta mafuta tu.

"Inaitwa tezi ya thaimasi," alisema. "Kwa mnyama mchanga ni kubwa kwa sababu ina kazi. Inafundisha walinzi wa mwili. Akishakua, inanywea, inageuka mafuta."

"Walinzi gani, mama?"

"Masanja, wewe chuna. Ila ukiikuta kubwa kwa ng'ombe mzee, usiikate. Niite."

Sikuwahi kuikuta. Nilikuja kuikuta kifuani kwangu.

Ilianza na kope la kushoto kudondoka. Asubuhi nafika mzima, nachuna vizuri. Jua likipanda kidogo kope linashuka kama pazia, na ng'ombe mmoja naona wawili. Nikatoboa ngozi. Kesho yake nikatoboa nyingine, ya mgongoni kabisa. Msimamizi wa machinjio wakati huo alikuwa Bulugu. Namtaja: Bulugu, aliyekuja kwetu akitokea kusimamia ghala la pamba na hajawahi kuchuna hata mbuzi.

"We Masanja, umefumba macho, unasali?" alisema mbele ya watu. "Asubuhi unakuja mzima, kazi ikikolea umelewa. Hiyo pombe unaificha wapi, kwenye gambuti?"

Wakacheka. Kassimu hakucheka, lakini hakusema kitu pia, na tulikuwa tumetoka naye Mwandoya.

Nilipigana mpaka ikapatikana siku ambayo sikutoboa. Ilikuwa siku ya ndama aliyevunjika mguu mnadani. Nikapewa nyama yangu, nikaanza kutafuna, taya likachoka. Si kuuma, lilichoka, likaning'inia wazi na nyama ndani. Nikalisukuma juu kwa kiganja ili nitafune. Bulugu akaita watu waje waone. "Hii ndiyo laini kuliko zote, na bado imemshinda! Nenda nyumbani, mlevi. Usirudi hapa."

Hivyo ndivyo nilivyofukuzwa, na ute ukinitoka mdomoni. Nilimwambia mke wangu Minza siku ileile kwamba kufa nitakufa kama kila mtu, ila kazi ile siwezi kuiacha kwa namna ile. Nitarudi, nitachuna ng'ombe mzima, halafu nitaondoka kwa miguu yangu.

Wa pili kumtaja ni Jumanne wa duka la dawa pale stendi. Hakunipima chochote. Alinitazama akasema, "Hiyo taifodi imekomaa," akanifungia vidonge. Nilivimeza kwa imani. Kabla sijavimaliza nikashindwa kumeza hata maji, na pumzi ikawa ya kuomba. Ndugu zangu wakataka nipelekwe Itilima kwa mfumu, yaani mganga, kwa kuwa walishakubaliana nimerogwa kwa ajili ya ile nyama nyeupe niliyozoea kuila peke yangu. Minza aliuza mbuzi wake akanipeleka Mwanza.

Hospitali kubwa walinisaidia kupumua kwanza. Nilipopata nafuu, daktari mmoja, binti wa Kisukuma kutoka Shishiyu, alikaa kwenye kiti karibu na kitanda. "Mwangaluka, baba," akanisalimia. "Mhola?" Nikamjibu mhola, yaani salama, ingawa haikuwepo. Akanionyesha picha ya kifua changu na kuweka kidole. "Nyuma ya kidari hapa kuna tezi. Kwa umri wako ilitakiwa iwe imenywea. Yako imeota uvimbe."

Nikakumbuka yale maneno ya mkaguzi. Usiikate. Niite.

"Thaimasi," nikasema.

"Nani amekufundisha?"

"Ng'ombe."

Akacheka, kisha akanieleza. "Baba, kwenu mna sungusungu? Mnamwokota mtu njiani mnampa upinde?"

"Thubutu! Lazima kwanza ajue watu wa kijiji. La sivyo atampiga mwenyeji."

"Sawasawa. Walinzi wa mwili wanaoitwa seli T wanazaliwa kwenye uboho, ndani ya mifupa, hawajui kitu. Wanahamia kwenye tezi hii. Humo kila mmoja anaota mkono wake wa kukamatia, unaotengenezwa kwa kubahatisha, ndiyo maana mikono yao haifanani. Faida yake ni kwamba hata ugonjwa ambao haujawahi kuingia kijijini, yupo mlinzi ambaye mkono wake utaukamata."

"Na hasara?"

"Kubahatisha hakuchagui. Wengine wanaota mikono ya kukamata wenyeji. Kwa hiyo wanapimwa. Pembeni mwa tezi wanaangaliwa kama wanaweza kuitambua alama ambayo seli za mwili wako zinaibeba. Asiyeitambua anafia hapo. Waliobaki wanaingia ndani zaidi, na huko tezi inafanya ajabu: inawaonyesha vipande vya vitu vya mwili mzima, vya ini, vya ngozi, vya kongosho, kana kwamba wenyeji wote wamepangwa mstari. Anayewarukia anauawa, au anageuzwa kuwa msuluhishi wa kuwatuliza wenzake. Wengi wanakufa humo, baba. Wanaotoka ni wachache."

Tangu utoto nimekula shule ile imechomwa na chumvi.

"Na mimi?"

"Uvimbe umeharibu mafunzo. Wametoka walinzi wabaya, wakauchochea mwili utengeneze silaha dhidi ya pale neva inapoupa msuli amri. Msuli ukipumzika, amri inafika. Ukirudia kazi, inafifia, unachoka. Ugonjwa unaitwa miasthenia. Na zile dawa ulizouziwa ni kati ya zinazouzidisha."

"Kwa hiyo si pombe?"

"Si pombe."

"Wala si uchawi?"

"Wala si uchawi."

"Naomba useme tena, mke wangu asikie."

Akasema tena. Minza akajifunika uso kwa kanga.

Tiba yangu ilikuwa vidonge, na kupasuliwa kidari ili tezi itolewe. Hapo Minza akafunua uso. "Daktari, sijawahi kuona aliyepasuliwa kidari akainuka." Kwa mke wa mchunaji hilo lilikuwa neno la kweli. Mimi mwenyewe najua msumeno unavyolia ukipita kwenye mfupa ule. Nikauliza, "Mkiiondoa shule, nani atafundisha walinzi?"

"Kwa mtu mzima, wengi walishahitimu zamani. Wamesambaa mwilini, wanaishi miaka mingi na wanazaana huko huko. Mtoto mchanga ningemhurumia. Wewe utabaki na ulinzi. Ila sitakudanganya: hata wale wabaya walishatoka. Hutapona siku ya kushonwa. Itakuwa polepole, na vidonge utaendelea navyo."

"Nitarudi kuchuna?"

"Siwezi kukuahidi."

"Sijaomba uniahidi. Pasua."

Walipasua. Kovu ninalo, limeshuka kifuani kama mstari wa kwanza wa kuchuna. Mwaka ule nilijifunza kazi upya nyumbani, kwa mbuzi. Nikichoka natua kisu, napumzika, narudi. Kope lilipoanza kukaa juu mpaka jioni, nilivaa gambuti nikaenda machinjioni.

Bulugu alikuwepo bado. "Mlevi amerudi," alisema.

"Ng'ombe mmoja tu, msimamizi. Halafu hutaniona tena."

Alitaka kukataa. Kassimu ndiye aliyemjibu, na kisu chake hakijafutwa damu. "Mpe dume hili changa. Kama hachuni, leo sichinji mengine." Alichelewa, Kassimu, nami sijasahau kwamba alichelewa. Lakini alisema.

Nilianza na miguu, kama mgeni. Nikapanda mapajani, tumboni, mgongoni. Mara mbili nilitua kisu nikapumzika, wakanong'ona, nikarudi. Ngozi ilipotandazwa chini mkaguzi aliigeuza yote akitafuta tundu, akasema, "Safi." Kijana mmoja akaleta ile nyama nyeupe kutoka motoni.

Niliishika nikaitazama. Humo walinzi wa dume lile walikuwa wakipimwa hadi asubuhi ileile. Bulugu alikuwa amesimama mbele yangu, akingoja taya lidondoke. Nikatafuna nikimwangalia usoni, taratibu, mpaka ikaisha. Nikameza, nikafunga mdomo.

Kisha nikafuta kisu, nikakiweka juu ya ngozi, nikawaaga wote kwa majina, hata yeye. Niliondoka pale Bariadi kwa miguu yangu. Mtu akiwaambia Masanja alifukuzwa kazi kwa ulevi, mwambieni hapana. Masanja alistaafu.