Tusi la Ushahidi

Juzi nilimsindikiza jirani yangu, mama wa Kizanzibari, polisi hapa Birmingham. Jamaa mmoja alimvunjia kioo cha dirisha kwa jiwe huku akiitukana rangi yake.

"Alisema nini hasa?" askari akauliza, kalamu mkononi.

Mama akavuta mtandio mdomoni. "Maneno machafu."

"Yapi? Bila maneno yenyewe siwezi kuonyesha chuki ya rangi. Itabaki kesi ya kioo tu."

"Mwanangu, mimi nina udhu."

Askari akanigeukia. Siku ile nilikuwepo, nakunywa chai kwa mama, basi nikayatamka yote, neno kwa neno. Foleni nzima ikageuka.

"Astaghafirullahi!" mama akashtuka. "Mbona yamekukaa vizuri mdomoni?"

Sheria imepata ushahidi wake. Mimi, tangu siku hiyo, chai ya mama naisikia harufu tu nikipita nje ya dirisha lake, lenye kioo kipya.