Bibiana wa Kigombe, Aliyekubali Kushikwa Mkono

Alizaliwa mwaka 1927, wakati wa masika, katika kambi ya mkonge iliyokuwa bara kidogo ya kijiji cha Kigombe, kusini ya mji wa Tanga. Baba yake, Luka, alikuwa Mngoni aliyekuja pwani kama manamba, kibarua wa mkataba, akiwa kijana, mkataba wake ukaisha, asirudi kwao. Mama yake, Beatrisi, alitoka milimani Usambaa. Walikwisha kuzika watoto wawili kabla yake, hivyo siku ya ubatizo Beatrisi alimkumbatia mwanawe kama anayeogopa kunyang'anywa. Padri alipommiminia maji, mtoto hakulia. Wanawake wakatazamana. Wakasema huyu ameumbiwa uvumilivu, na Bibiana akakua akiyasikia maneno hayo kila siku, hata akayaamini kuliko ilivyompasa.

Wito wake ulimjia akiwa msichana mkubwa. Alimwona mtawa mmoja mgeni amepiga magoti kwenye vumbi la kambi, akimwosha kidonda mzee ambaye hata wa nyumba yake walimpita kwa mbali. Jioni ile ile alimwambia baba yake kwamba anataka kuwa mtawa. Luka alishtuka, kwani alikuwa na mtoto huyo mmoja tu. Kisha akasema, "Aliyekuita amekujua kabla yangu. Nenda, mwanangu." Mwaka 1949 akapokelewa unovisi katika nyumba ya masista huko milimani, na wenzake wa wakati ule husema kwamba alicheka sana, aliimba vibaya, na alipenda kufua.

Mwezi wa Januari mwaka 1951 aliruhusiwa kuja kuwasalimu wazazi. Siku ya tatu alimpelekea baba yake chakula kule kiwandani ambako majani ya mkonge huchambuliwa nyuzi, mahali ambapo watu wa kambi hupaita korona. Alikuwa akipita kando ya reli ndogo ya kuletea majani wakati behewa lililojaa pomoni lilipoacha njia na kumpindukia. Watu walipiga ukelele. Luka alilichimbua lile rundo kwa mikono mitupu, miiba ikimchana, akiliita jina la mwanawe bila kupata jibu. Walipomfikia, macho yake yalikuwa wazi. Alisema, "Baba, miguu yangu iko wapi?" Luka akakaa chini palepale kama aliyekatwa.

Alilala hospitalini Tanga muda mrefu, mwili umefungwa plasta. Aliinuka akitembea kwa fimbo, lakini nyonga na uti wa mgongo vilikuwa vimeunga upande, na daktari alimweleza waziwazi kwamba maumivu hayo hayataondoka. Bibiana alidhani amesikia vibaya. Akamwomba arudie, na daktari akarudia. Kisha mama mkuu wa masista alisafiri mwenyewe kuja kumwona, akalia, akamwambia kuwa maisha ya utawani hatayaweza. Hilo lilimpiga kuliko behewa. Alirudi kambini katika nyumba ya wazazi wake, na mwaka uliofuata Luka akafariki kwa homa, wakabaki yeye na mama yake, aliyekuwa kibarua wa kuanika singa, zile nyuzi za mkonge, juani tangu asubuhi.

Hapo lilianza jaribu lake lililo kubwa, nalo halikuwa maumivu yenyewe. Aliamua kuyaficha. Alipoulizwa hali alijibu "sijambo" na kutabasamu. Usiku aliuma pindo la kanga mama asisikie. Mambo madogo yalimshinda: sufuria ya uji ilimponyoka, ndoo ya maji ilimwagika mlangoni, kuna siku alifika kanisani na siku nyingine aliishia kizingitini mwa nyumba yao, akageuka kama mtu aliyesahau kitu ndani. Waamini walimsifu. Katekista wao, Mzee Abrahamu, alimtaja katika mafundisho kama mfano wa mtu asiyelalamika. Kila aliposifiwa, Bibiana alijiona amefungiwa mlango mwingine.

Dominika moja ya mwaka 1954, padri akiwa ameinua hostia na kanisa lote liko kimya, Bibiana alipiga yowe. Halikuwa neno. Lilitoka bila yeye kulitaka, na lilipotoka aliduwaa kuliko wote, kwani hakuitambua sauti yake. Watoto wakaanza kulia. Yeye alikuwa ameanguka kati ya mabenchi, na watu, kwa mshtuko, wakarudi nyuma wakamwachia nafasi.

Nje alikuwapo Bi Mwamvua, mjane wa Kigombe, Mwislamu, ambaye kila Dominika aliuza samaki wa kukaanga karibu na kanisa. Aliposikia yowe aliliacha sinia lake, akaingia. Akapita katikati, mikono yake inanuka samaki, mbele ya macho ya wote, akaketi sakafuni na kukilaza kichwa cha Bibiana mapajani mwake.

"Mwanangu, kelele yote hii ulikuwa ukiiweka wapi?"

"Naumwa, Bi Mwamvua," alisema Bibiana. "Naumwa kila siku."

"Basi sema. Nani alokukataza?"

Baada ya Misa Mzee Abrahamu alimfuata pale kivulini alipolazwa, uso umemkunjamana. Alimwambia kwamba kwa kelele moja amepoteza stahili za miaka mitatu, kwani msalaba hubebwa kwa kunyamaza. Beatrisi akainamisha kichwa kwa aibu. Bibiana, akiwa bado anahema, alimjibu maneno ambayo waamini wanayakumbuka hata leo: "Shikamoo, mwalimu. Bwana wetu alilia kwa sauti kuu, na msalaba wake alisaidiwa na Simoni. Mimi ni nani niubebe peke yangu?" Katekista akaenda zake akichechemea.

Tangu siku hiyo Bibiana aliomba msaada, na kuomba kukawa ndiyo sala yake ngumu kupita zote. Bi Mwamvua alikuja kumkanda kwa maji ya moto na mafuta ya nazi. Anjela, jirani yao, alimtekea maji. Maumivu hayakupungua sana. Wapo waliotarajia muujiza wakakata tamaa, na yeye mwenyewe alikuwa na siku za kununa na kumkaripia mama yake, kisha akimwomba radhi. Lakini jambo lisilotarajiwa likatokea. Watu waliokuja kumsaidia walianza kumweleza yao: huyu kifua kilichojaa vumbi la korona, yule mimba zinazoharibika, mwingine huzuni isiyo na jina. Alisikiliza, akawashika mikono. Aliyeumwa alimuunganisha na aliyekuwa na nguvu siku hiyo, ili asaidiwe.

Mwaka 1956 Beatrisi alizidiwa na uzee, akaachishwa kazi. Nyumba za kambi zilikuwa za wafanyakazi tu. Msimamizi, Bwana Sadalla, alikuja asubuhi na vijana wawili kutoa vyombo nje. Bibiana, aliyekuwa kitandani, hakumtukana wala hakumsihi.

"Nitatoka, bwana," alisema. "Ila siwezi kuinuka mwenyewe. Naomba uninyanyue."

Sadalla akaingiza mikono chini ya makwapa yake, akamwinua. Mwili ule ulitetemeka mikononi mwake kama uzi uliovutwa, na Bibiana akalia kwa sauti, machoni pa msimamizi, bila kuficha. Sadalla akabadilika rangi. Alimlaza tena polepole, akabaki amemshika.

"Ndivyo ulivyo kila siku?"

"Kila siku, bwana. Lakini leo umenishika wewe."

Alitoka nje, akawaamuru vijana warudishe vyombo. Nyumba ile haikudaiwa tena.

Bibiana alifariki Jumatano Kuu ya mwaka 1958, ambayo iliangukia mwezi wa Ramadhani. Hakuna aliyetazamia. Alasiri alikuwa ameketi barazani akichambua choroko, na Bi Mwamvua, amefunga, akimkanda mabega. Ghafla Bibiana akageuka, macho yamemtoka kwa mshangao.

"Bi Mwamvua, haiumi."

"Wapi?"

"Popote. Haiumi popote."

Akacheka, akaegemea kifua cha yule mjane, na roho ikatoka. Bi Mwamvua alibaki amemkumbatia, asiweze hata kuita watu. Siku ya maziko Bwana Sadalla alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza.

Dominika iliyofuata ilikuwa Pasaka. Mzee Abrahamu alisimama mbele ya waamini kutoa matangazo, lakini hakutangaza kitu. Akaikunja suruali hadi gotini. Mguu ulikuwa umevimba, una kidonda cha siku nyingi, na kanisa zima likaguna. "Naumwa," alisema, machozi yakimtoka. "Naombeni kiti."

Kanisa halijamtangaza Bibiana kuwa mtakatifu, nasi hatutangulii hukumu yake. Lakini katika kigango kile, hadi leo, kabla ya baraka ya mwisho padri hunyamaza kidogo ili mwenye maumivu aseme, na aliye karibu naye amshike mkono. Ndugu msomaji, ukimheshimu Bibiana, anzia hapo. Sema panapouma, na jirani yako akisema, usirudi nyuma.