Askari wa Geti au wa Vita?

Mimi shule niliiacha mapema, lakini kwa kujaza fomu, mtaa mzima wa Darsait, huku kwa Waarabu, hakuna wa kunishinda. Juzi dukani kwetu kwenye fotokopi kaingia Mfilipino, yaya aliyelea watoto wa Kizanzibari mpaka Kiswahili chake kinanizidi. Kucha zake hazitulii, anagongagonga kaunta.

"Kaka, babu yangu alikuwa askari. Nnataka kumwombea haki yake."

"Askari wa geti la nani?" nikamtania, huku najaza fomu yake.

Hakucheka. Akaniwekea simu mezani: picha ya mzee wa karibu miaka mia, yuko kitandani na kofia ya jeshi kichwani.

"Wa vita. Wamarekani walimchukua apigane na Wajapani. Vita vilipokwisha wakasema si askari wao. Anataka wamtambue kabla hajafa."

Nikatazama fomu. Penye kazi nilishaandika, kwa Kiingereza changu safi, mlinzi wa mlangoni. Nikachukua wino mweupe wa kufutia.

"Usifute," akasema. "Chukua karatasi nyingine."

Nikaandika upya. Mimi niliyekimbia shule nilirekebisha kosa langu kabla chai haijapoa. Wasomi wa ofisi za Wamarekani, miaka themanini sasa, bado wanatafuta kalamu ya kurekebisha lao.