Nusu Kiazi Usoni mwa Bibi Gertrudis

Saa mbili kasorobo asubuhi, Eudocia Suesca anafungua madirisha ya sebule ya juu, katika jumba la kale la makumbusho mjini Tunja, Kolombia. Baridi inaingia kabla ya mwanga. Anajifunika vizuri ruana yake, joho la sufu la watu wa milimani, anauendea ukuta wa mwisho.

"Shikamoo, Bibi. Umelalaje?"

Bibi Gertrudis de Velandia hajibu. Ni picha ya rangi za mafuta, ya karne ya kumi na saba: mwanamke wa ukoo wa kikabaila, lulu shingoni, lesi hadi viganjani, na macho ya mtu aliyezoea kungojewa. Shavu lake la kushoto limebanduka.

"Leo tena kakunyamazia?" Hermes, mkata tiketi, anatania kutoka ngazini.

"Afadhali yeye. Wewe ukifungua mdomo ni kuomba kahawa tu."

Wanacheka. Hermes anashuka, kimya kinarudi. Siku nyingi wageni hawafiki watano.

Eudocia ana miaka sitini na mmoja, na ishirini na sita kati ya hiyo ameimalizia humu, akifagia na kulinda. Mumewe alishafariki. Binti yake, Yaneth, yuko Chile. Hupiga simu Jumapili, dakika kumi, mbio mbio.

"Nyumbani naongea na redio," ananiambia. "Hapa angalau kuna mtu ananitazama."

Basi mapenzi yakamponza. Mwezi wa tano alimwona Bibi amefifia. Marehemu mama yake, kama kina mama wengi wa milima hii, alisafisha picha za watakatifu kwa nusu kiazi kibichi: unasugua taratibu, unafuta, uso unang'aa. Naye akafanya vivyo hivyo.

"Nikageuza kiazi, nikaona wekundu. Shavu lake liko mkononi mwangu! Jamani, nililia kama nimeua mtu."

Hakuna aliyemwona. Angeweza kusingizia unyevunyevu wa ukuta, maana ukuta haujitetei. Akaenda mwenyewe kwa mkurugenzi.

Mtaalamu wa kukarabati picha akaja kutoka mji mkuu, Bogotá, Ximena Bohórquez, akaichunguza picha kwa lenzi nusu siku.

"Mama, nani alikufundisha haya?"

"Mama yangu."

"Hata bibi yangu alikuwa na kiazi chake," Ximena akasema, akashusha pumzi. "Lakini huyu lazima aletwe kwetu Bogotá."

Miezi minane ya matengenezo. Picha itarudi Februari. Eudocia anastaafu Desemba.

Aliomba abaki hadi Februari, hata bila mshahara. Mkurugenzi akasema sheria hairuhusu.

"Simlaumu mtu," anasema Eudocia. "Nimejitakia mwenyewe. Lakini inauma, mwanangu. Inauma sana."

Saa nne asubuhi hiyo hiyo, gari la kutoka Bogotá linafika. Wapakiaji wawili wanamlaza Bibi sandukuni, uso juu. Eudocia anawaomba wangoje kidogo, anainama.

"Usiogope. Huko wanajua wanachofanya, siyo mimi."

Kifuniko kinakazwa skrubu. Ukutani inabaki misumari miwili.

Februari ameshaipanga. Atavaa koti lake la kanisani na kusimama foleni kama mgeni. Hermes anaapa kumwingiza bure. Yeye hataki, atalipa.

"Miaka yote hii nimesimama mbele yake," anasema. "Mfanyakazi hakai; benchi ni la wageni. Siku hiyo nitakaa. Nitakaa mpaka wanitoe."